Ijumaa Niliyowaamini Kuku

Puku! Puku! Puku! Puku!

Huo ndio mlio ninaousikia hadi leo nikifumba macho. Ulikuwa mlio wa mashine ya posho ya Mama Perez, katika soko letu dogo kando ya barabara itokayo Homa Bay kwenda Mbita, miaka ile Uhuru ukiwa bado mbichi. Mashine yenyewe haikuundwa ilie hivyo. Ni Fundi Odhiambo aliyechukua kopo la bati akalitundika kwenye mdomo wa bomba la moshi, ili kila moshi ukitoka ulipige kopo, na kopo lipaze sauti hadi kule bondeni. Hayo ndiyo yalikuwa matangazo yetu. Mwanamke akiwa shambani akasikia kopo linalia, anajua leo kuna dizeli, anajitwika kapu lake anakuja.

Mimi Risper nilisaga unga tangu nikiwa msichana hadi magoti yalipokataa, kwanza pale kwa Mama Perez, halafu huko Migori mjini, mashine za dizeli na baadaye za stima. Shule niliiacha mapema. Kwa hiyo nyinyi vijana mliponiomba niwaandikie jinsi mtu anavyopata muda wa kusali na kazi zimemjaa, nilicheka kwanza. Mimi si mwalimu wa maombi. Ninachojua mimi ni mawe, mkanda na vumbi. Lakini ndani ya vumbi hilo ndimo nilimojifunza kumsikiliza Mungu, basi mtanivumilia nikianza na unga.

Sikilizeni. Mashine ya mawe haitaki papara. Ukimimina nafaka nyingi kwa mara moja, mawe yanakabwa. Ukichelewa kumimina, yanasagana yenyewe kwa yenyewe, na unga wa atakayefuata unakuwa na mchanga. Kabla hujapokea kapu la mtu, chukua punje moja uiume. Ikilia ka! ni kavu, pokea. Ikibonyea, mrudishe mwenyewe aianike, hata akikutukana. Na mahindi meupe husagwa kwanza, muhogo unafuata, halafu mtama mwekundu na wimbi mwisho kabisa, kwa sababu mwekundu ukitangulia, unga wa jirani unatoka na rangi ya udongo, na hapo utaona vita ambavyo hata chifu hawezi kuvimaliza.

Haya yote alinifundisha Fundi Odhiambo, na alinifundisha kwa kupiga kelele, maana mashine zilikuwa zimemmaliza masikio.

"Risper! Weka mkono hapa!" Alishika kiganja changu akakibandika kwenye bati la mashine. "Unasikia?"

"Nasikia kelele tu, Fundi!"

"Achana na kelele! Kelele ni ya wote! Chini ya kelele kuna mawe! Yanasema nini?"

Nilikaa na mkono pale siku nyingi kama mjinga. Halafu siku moja, wanawake wakiwa wanagombania foleni nyuma yangu, nikasikia kwenye kiganja mtetemo mwembamba, kama paka anayekoroma, na mara ukapanda juu, ukawa mkali. Nikamimina nafaka haraka bila kuambiwa. Fundi akacheka hadi meno yote yakaonekana. "Yalikuwa yanalia njaa! Umeyasikia! Sasa wewe ni mtu wa mashine!"

Fundi alikuwa Mkatoliki, sisi wengine tulikuwa Wasabato. Kila jua likifika utosini alifanya ishara ya msalaba, akaweka mkono juu ya bati, akatulia hivyo kidogo huku mashine ikinguruma. Siku moja nilimuuliza, tena kwa kupaza sauti, "Fundi, Mungu unamsikiaje humu ndani?"

"Kama ninavyosikia mawe!" alinijibu. "Ningemngojea kwa masikio haya, si ningekuwa mpagani!"

Mimi nilikuwa msichana wa ndoto nyingi. Nilikuwa nakaa juu ya magunia tupu nikimwaza yule mtoto Samweli aliyeitwa na Mungu kwa jina lake, nami nikajiona nimelala, halafu sauti, "Risper! Risper!" Kisha wasiwasi unanishika. Je, kama ameshaniita, na ilikuwa saa mashine inawaka? Mchungaji alitufundisha kwamba Mungu huongea katika utulivu, na mimi mshahara wangu uko mahali penye kelele kuliko pote tangu Homa Bay hadi Mbita. Kuacha kazi sikuweza. Baba alishafariki, na mama na wadogo zangu walikula kwa mikono yangu.

Basi nikajaribu mbinu zangu. Kwanza nilijaribu kusali nikiwa kazini, macho nimefumba. Unga ukajaa mfuko, ukafurika, ukamfunika Min Ochieng miguu hadi kwenye vifundo. Huyu Min Ochieng, yaani mama yake Ochieng, alikuwa na sauti ambayo haikuhitaji kopo.

"Wee Risper! Unanipaka unga niwe maiti ya nani?"

Jaribio la pili ndilo lililonipa jina. Nilijiambia, mashine ikinguruma hakuna anayenisikia, kwa nini nisiombe kwa sauti? Nikawa naomba kwa nguvu zangu zote, nazungumza na Mungu kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Nilimwambia habari za mama, za ada ya wadogo zangu. Ikawa tamu. Siku moja nikafika kwenye mambo ya mume. Nilikuwa katikati ya sentensi pale dizeli ilipoisha, mashine ikazima ghafla, na katika kimya kile soko zima likanisikia: "...na awe na baiskeli, Bwana, hata kama ni kuukuu!"

Wanawake walianguka juu ya makapu yao. Min Ochieng alicheka hadi akaomba maji. Tangu siku hiyo nikaitwa Nyar Baiskeli, binti wa baiskeli, na hata nilipoolewa huko Migori na mume aliyekuja kwa miguu, kuna waliosafiri kuja kumtazama tu kama kweli hana hata kengele.

Sasa niwaeleze habari ya Ijumaa.

Kwetu Ijumaa ilikuwa siku ya maandalio. Jua likizama, Sabato imeingia, hakuna kusaga, hakuna kuwasha moto, hakuna kupika hadi jua la kesho lizame. Kwa hiyo unga wote wa watu na wa wageni ulitakiwa uwe umesagwa, na ugali uwe umeivia sufuriani, kabla jua halijagusa mlima Gembe. Mnaweza kuwaza foleni. Na mlio wa kopo ukawa ndio saa ya eneo lote. Kopo likilia, watu wanateka maji, wanaogesha watoto, wanapika mbio mbio. Kopo likinyamaza, wanajua ni Sabato, wanaacha kila kitu na kuanza wimbo. Hatukuwa na kengele ya kanisa. Tulikuwa na mashine.

Na mimi, nisiwafiche, niliingia kila Sabato nikiwa nimechoka kama gunia. Tukipiga magoti, ninasinzia kabla ya amina ya kwanza. Siku ya Bwana nilikuwa ninaipokea nikikoroma.

Kisha Fundi Odhiambo akaitwa kwenda Macalder, kule mgodini, kuangalia injini. Mama Perez, mwenye mashine, alikuwa mjane mrefu, mzee wa kanisa asiyependa maneno mengi. Aliniita.

"Risper, wanaume wananiambia mashine haiwezi kuachiwa msichana. Wewe unasemaje?"

"Ninaisikia, Mama. Kwa mkono."

"Mimi sijui mambo ya mkono. Ijumaa hii ninaenda kikao cha kanisa. Utaiendesha peke yako. Watu wasage, na izime saa yake, isipitishe hata kidogo. Mashine yangu ikilia ndani ya Sabato, nitauweka wapi uso wangu? Na ikizimwa na watu hawajasaga, watalala njaa. Ukiweza, ni kazi yako. Ukishindwa, nitamleta mwanamume kutoka Kisumu, nawe utanifagilia tu."

Kufagilia kulikuwa kwa nusu ya ujira, na nusu hiyo haikuweza kutulisha nyumbani. Niliondoka pale, na moyo, mtanicheka, moyo ulikuwa unaimba.

Ijumaa ikafika. Nilizungusha hendeli mwenyewe, injini ikakohoa, ikashika, kopo likaanza kulia. Nilisaga vizuri, jamani! Mahindi, muhogo, mahindi, mkono wangu wa kushoto hauondoki kwenye bati. Mchana ukapita nikiwa sijui. Saa ya mkononi ilikuwa moja tu pale kwetu, na ilikuwa mkononi mwa Mama Perez, kikaoni. Mimi nilikuwa na jua na mlima.

Halafu wingu likatoka ziwani. Si wingu la mchezo. Lilikuwa jeusi kama masizi, likafunika Gembe yote, likaja juu yetu, na ndani ya chumba cha mashine nisione hata mfuko uliokuwa mbele yangu. Nikatoka nje kutazama jua. Hakuna jua. Hakuna mlima. Nifanye nini? Nikatazama huku na huku, nikawaona kuku wa jirani wakipanda bandani mmoja mmoja, taratibu, kama waumini wazee wanaoingia kanisani.

Nikasema moyoni, kuku hawawezi kudanganya. Jua limezama! Nikarudi mbio, nikafunga dizeli. Puku... puku... puku. Kimya.

Wanawake wachache waliobaki na makapu nao waliamini. Kule bondeni nyumba ya kwanza ikaanza wimbo, ya pili ikadakia, ya tatu, hadi bonde lote likawa linaimba.

Wimbo ulikuwa haujafika ubeti wa pili upepo ulipogeuka. Wingu likasukumwa kando bila kuacha hata tone moja la mvua. Na jua likatoka, likasimama juu ya Gembe, kubwa, jekundu, lina nafasi kabisa, kama mgeni anayeuliza mbona mmefunga mlango mapema. Jogoo akawika. Kuku wakashuka bandani.

"Nyar Baiskeli!" Min Ochieng alisimama na kapu lake. "Hiyo juu ni nini?"

"Ni... ni jua, Min Ochieng."

"Basi washa! Nina wageni kutoka Rusinga, nitawapa mahindi watafune kama punda?"

Mwanamke mwingine, Min Adongo, akasimama. "Awashe nini? Sabato si duka, ufungue na kufunga unavyotaka! Watu wameshaimba!"

"Wameimba kwa sababu ya kuku!"

"Hata kama! Mungu ameshapokea wimbo, amrudishie nani?"

Walibishana hapo vidole vikipepea, na mimi nimesimama katikati, ninaona ugali wa wadogo zangu ukipungua nusu kwa nusu. Hapo ndipo Mama Perez akatokea barabarani. Alikuwa anakimbia, Biblia kwapani, viatu mkononi. Alisikia kopo limenyamaza akiwa bado njiani, akadhani saa yake imeharibika na Sabato imemkuta barabarani. Alifika anahema. Akatazama jua. Akatazama saa yake. Akaipiga kidogo kwa kidole, akaisikiliza. Kisha akanitazama mimi.

"Nani alizima?"

"Ni mimi, Mama."

"Kwa nini?"

"Niliwaamini kuku, Mama."

Hakuna aliyecheka. Mama Perez aligeuza uso, akasikiliza nyimbo kule bondeni. Min Ochieng alifungua mdomo, Mama Perez akamwinulia mkono, naye akaufunga.

"Nyumba zote zimeshapiga magoti," Mama Perez akasema. "Nikiwasha, niwaambie nini? Simameni, Mungu bado hajafika? Hapana. Mashine haiwaki. Mwenye unga amgawie asiye na unga. Min Adongo, umesema Sabato imeingia, eh? Anza wewe."

Min Adongo alitazama mfuko wake, akautazama wa Min Ochieng, akaanza kucheka, na kicheko kikaambukiza wote. Mikono ikaingia mifukoni, unga ukahama kapu hadi kapu, mweupe ukachanganyika na wa muhogo, hata mimi nikawekewa wangu. Min Ochieng alipata wa kutosha wageni, akasema Rusinga watadhani yeye ni tajiri. Wenye haraka ya kusonga ugali wakaondoka mbio.

"Na muda huu uliobaki, Mama?" mmoja wetu akauliza.

"Huu hatukumpa Mungu," Mama Perez akasema. "Ameuchukua mwenyewe. Kaeni."

Tuliobaki tukakaa juu ya magunia. Hakuna aliyeomba kwa maneno. Mwanzo masikio yangu yalikuwa bado yananguruma, puku puku bila mashine, na hili ndilo ninalotaka mlishike, wajukuu zangu, kama mtasahau mengine yote. Mtu akizima mashine, kelele haiishi siku hiyo hiyo. Inabaki kichwani. Wengi wenu mnazima simu, mnapiga magoti, mnasikia ile kelele iliyobaki, mnasema Mungu hayupo, mnainuka. Msiinuke. Ngojeni iishe.

Yangu iliisha pole pole. Nikasikia bati likipoa, tik, tik. Nikasikia mende kwenye gunia. Sikusikia "Risper, Risper." Nilichokuta, mahali pale pale ninapoyasikia mawe, ni wazo dogo ambalo halikuwa langu: Dayo Salome hakuja.

Dayo ni nyanya, yaani bibi. Dayo Salome alikuwa bibi kizee aliyeishi peke yake nyuma ya soko. Kila Ijumaa alikuja na kikapu chake cha mtama mwekundu, na kwa sababu ni mwekundu alisagiwa mwisho, akingoja kutwa nzima akitutania. Siku nzima sikuwa nimeona kwamba hayupo. Nafasi yake ukutani ilikuwa tupu mbele ya macho yangu, nami nilikuwa ninasaga.

"Mama Perez," nikasema, "Dayo Salome hakuja."

Mama Perez akatazama jua juu ya Gembe. "Lipo bado. Kimbia."

Nilimkuta amelala juu ya ngozi, homa inamtikisa, sufuria iko kavu, kikapu cha mtama kiko mlangoni pale alipoweza kukifikisha.

"Nani? Nyar Baiskeli?" Sauti ilikuwa ndogo, lakini utani ulikuwemo. "Nilisikia kopo limenyamaza. Nikasema basi, Sabato imenikuta sina kitu. Nikamwambia Mungu, leo mgeni ni Wewe, na ukija na njaa tutalala hivyo hivyo, sote wawili."

"Jua bado halijazama, Dayo."

"Mashine imenyamaza!"

"Nilikosea."

Alinitazama, akatazama mwanga uliokuwa unaingia mlangoni, akaanza kutabasamu. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "uwe unakosea hivyo kila Ijumaa."

Niliwasha moto, na ule unga wa watu wote, niliokuwa nimeubeba, ukawa uji. Nilimnywesha kwa kijiko, na uliobaki nikaufunika karibu na kichwa chake kwa ajili ya kesho. Nilipouzima moto, jua ndipo lilipokuwa linaugusa mlima. Na Sabato ile, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, niliipokea macho yakiwa wazi.

Jumamosi jioni, Sabato ilipotoka, Mama Perez alinipa ufunguo. "Mashine ni yako," akasema. "Kuanzia sasa Ijumaa izime jua likiwa bado juu ya mlima, kama ulivyofanya. Foleni ianze mapema. Lakini wewe," na hapo akacheka kwa mara ya kwanza mbele yangu, "usiwaamini kuku tena."

Basi hivyo ndivyo nilivyopata muda wa kusali, hadi leo. Sikuupata baada ya kazi kuisha, kwa sababu haijawahi kuisha. Huwa ninaikata kazi kabla haijaisha, ninakaa hadi masikio yapoe, na nikishamweleza Mungu yangu ninamuuliza swali moja tu: leo nani hayupo? Hajawahi kuniita kwa jina langu mara mbili kama Samweli. Mara nyingi ananitajia jina la mtu mwingine.

Jumapili ile nilifika kwenye mashine kabla ya mtu yeyote, njiani nimepitia kwa Dayo Salome na kuchukua kikapu chake. Niliweka kiganja juu ya bati, lilikuwa baridi, nikatulia hapo mpaka nikatosheka. Kisha nikalitoa kopo kwenye bomba ili lisiite foleni bado, nikaliweka chini, nikazungusha hendeli. Na kabla sijasaga mahindi ya mtu yeyote, wakati mawe yakiwa bado safi, nikaumimina kwanza mtama mwekundu wa Dayo, aliyezoea kuwa wa mwisho.